Uanze na "My Way" ya Sid Vicious au "Police and Thieves" ya The Clash?

Anayetaka kuijua panki, ule muziki wa roki wa kasi uitwao punk kwa Kiingereza, mara nyingi huelekezwa vibaya. Huonyeshwa picha kwanza: nywele zilizosimama wima, koti la ngozi lililojaa pini, uso uliokunjwa mbele ya kamera. Kisha hupewa wimbo wa dakika mbili unaokwenda mbio, anausikiliza mara moja, anasema hizi ni kelele, anarudi kwenye rege yake au rumba yake. Naona ipo njia nyepesi kuliko hiyo. Mpe wimbo mkongwe wenye heshima yake, halafu asikie wanapanki walivyourudia. Wimbo ukishakuingia, kila kilichoongezwa na kila kilichong'olewa hakijifichi, na humo ndimo tabia ya panki inamoonekana.

Nyimbo mbili zinafaa sana kwa kazi hii. Wa kwanza ni "My Way", uliorudiwa na Sid Vicious wa bendi ya panki ya Sex Pistols mwaka 1978. Wa pili ni "Police and Thieves", wimbo wa rege wa Junior Murvin wa Jamaika, uliorudiwa na bendi ya The Clash mwaka 1977. Waliorudia ni vijana wa London wa kizazi kimoja, lakini walichowafanyia wenye nyimbo hakifanani hata kidogo. Kama una jioni moja tu ya kuonja panki, mimi nakuelekeza kwa The Clash. Sid naye ana watu wake, na nitawataja.

Kwanza, panki ilitaka nini

Kufikia katikati ya miaka ya 1970, roki ilikuwa imekuwa muziki wa matajiri. Bendi kubwa zilikaa studio miezi na miezi, solo ya gitaa ilichukua dakika kumi, na kijana asiye na kazi hakuona mahali pa kupenya. Kule New York, kwenye klabu iliyoitwa CBGB, Ramones walianza kupiga nyimbo fupi zisizo na mapambo. Albamu yao ya kwanza ya 1976 ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Julai mwaka huo walikuja London, na vijana wengi waliowaona wakaondoka wakijiambia kwamba hilo hata wao wanaliweza.

Januari 1977 kijarida kidogo cha Uingereza kiitwacho Sideburns kilichora mishiko mitatu ya gitaa, huu mmoja, huu wa pili, huu wa tatu, na chini yake kikamwambia msomaji aunde bendi sasa. Mwezi huohuo Buzzcocks wa Manchester walitoa santuri yao wenyewe kwa pauni 500 za kukopa, nakala 1,000 za kuanzia, bila kampuni yoyote kubwa. Kwangu mimi maana ya panki imo humo: usingoje ruhusa, na usingoje kuwa fundi ndipo useme lililo moyoni. Ndiyo maana iliwafungulia mlango watu waliokuwa hawatazamiwi. Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex, alikuwa binti wa baba Msomali na mama Mwingereza. Bad Brains wa Washington walikuwa vijana weusi, Marasta, waliopiga panki ya kasi ya ajabu na kuichanganya na rege kwenye onyesho lilelile.

Sasa wimbo mkongwe ni mali ya watu yenye heshima. Mtu asiyengoja ruhusa akiushika, ataufanya nini?

Sid Vicious: kuingia kwa kuvunja

"My Way" wenyewe ulikuwa tayari umepita mikono kadhaa. Ulizaliwa Ufaransa mwaka 1967 ukiitwa "Comme d'habitude", wimbo wa Claude François na wenzake unaozungumzia nyumba ambayo mapenzi yamepoa na watu wanaishi kwa mazoea. Paul Anka aliusikia akiwa Ufaransa, akachukua haki zake, akatupa yale maneno yote na kuandika mengine ya Kiingereza kwa ajili ya mwimbaji mashuhuri wa Marekani, Frank Sinatra. Sinatra aliurekodi tarehe 30 Desemba 1968, akiwa na miaka 53. Ukageuka kuwa maneno ya mzee anayetazama nyuma na kusema hakumwinamia mtu. Uingereza ulikaa wiki 75 kwenye nyimbo 40 bora. Mpaka leo hupigwa kwenye sherehe za kustaafu na hata mazishini, na pengine umeshawahi kuusikia hotelini bila kujua ni wa nani.

Sid alirekodi toleo lake Paris. Linaanza na vinanda vya nyuzi vilivyopangwa kwa ustaarabu na Simon Jeffes. Juu yake Sid anaimba kama mtu anayemwigiza mzee: anavuta silabi, anatoka nje ya sauti makusudi, anaifanya ile fahari isikike kama kujisifu kwa mtu aliyelewa. Ubeti wa kwanza ukiisha, magitaa yanaangukia wimbo kwa kishindo, mwendo unaongezeka maradufu, na maneno ya Anka yanaanza kupisha matusi. Kwenye filamu yake Sid anashuka ngazi akiwa na koti jeupe la heshima, anaimba, kisha anachomoa bastola na kuwapiga risasi watazamaji waliokuja kumshangilia.

Kazi hiyo ina nguvu, siwezi kuikana. Ile dakika magitaa yanapoingia bado inashtua hata kwa mtu aliyeisikia mara nyingi. Na swali inalouliza ni la haki. Mtu tajiri, maarufu, aliyebebwa na kampuni na mameneja, anapoimba kwamba aliishi kwa njia yake, sisi wengine tunamshangilia kwa lipi hasa? Kijana ambaye hajafika miaka 22 anasimama na kuimba kwamba mwisho umekaribia, na maneno yaleyale yanachukua uzito mwingine. Santuri ilitoka Juni 1978 na ikafika nambari 7 Uingereza. Tarehe 2 Februari 1979 Sid alikufa New York kwa heroini akiwa na miaka 21. Kwa kuwa tunajua hilo, hakuna anayeweza tena kuusikiliza wimbo ule kama mzaha mtupu.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kila nikiusikiliza. Sex Pistols walikuwa wamevunjika tangu Januari 1978, na huu ulikuwa sehemu ya mradi wa filamu wa meneja wao, Malcolm McLaren. Vinanda vilipangwa na mtu mwingine, gitaa ni la Steve Jones wa Sex Pistols, na picha nzima ya kijana muuaji mwenye koti jeupe ni ya kuuzwa. Wimbo wa mtu anayejivunia kufuata njia yake umeimbwa na kijana aliyewekwa kwenye njia ya wengine. Hapo toleo hili linauma kuliko lilivyokusudiwa. Linapofika kwenye kujenga, halina kitu. Likiisha, wimbo umevunjwavunjwa na hujui uende wapi.

The Clash: kuingia kwa kubisha hodi

Huku nitakaa zaidi, kwa sababu kuna mengi ya kusikiliza, na kwa sababu masikio ya wasomaji wengi wa Afrika Mashariki yamelelewa na rege. Hatuhitaji mtu wa kututafsiria nusu ya kwanza ya habari hii.

Junior Murvin alitoka Port Antonio, na sauti yake ya juu, nyembamba, aliijenga kwa kumpenda Curtis Mayfield, mwimbaji wa soul wa Marekani. Mwaka 1976 alirekodi "Police and Thieves" kwa prodyuza Lee "Scratch" Perry kwenye Black Ark, studio aliyoijenga uani kwake mtaa wa Washington Gardens, Kingston. Studio kubwa za wakati ule zilikuwa na mashine za njia 16 au 24. Perry alikuwa na mashine ya njia nne tu. Alirekodi, akabana sauti kadhaa kwenye njia moja, akarekodi tena juu yake. Ukungu ule unaosikia nyuma ya ngoma umetokana na kubanwabanwa huko na mashine zake za mwangwi.

Jamaika wakati ule ilikuwa inawaka. Wafuasi wa chama cha waziri mkuu Michael Manley na wa chama cha mpinzani wake Edward Seaga walikuwa wakiuana mitaani kuelekea uchaguzi wa Desemba, na Juni 1976 serikali ilitangaza hali ya hatari. Wimbo unasema polisi na wezi wote wako barabarani na silaha zao, na mwananchi anawaogopa wote wawili. Ajabu yake ni kwamba Murvin hapazi sauti. Habari ya bunduki anaiimba kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto alale, na hofu inaingia taratibu kwa sababu hakuna anayekupigia kelele.

Wajamaika wenyewe hawakuuacha wimbo ule ukae peke yake. Kule mdundo mmoja huzaa nyimbo nyingi, na Perry aliutumia tena na tena. Nyuma ya santuri aliweka toleo la dabu lililochujwa maneno. Akampa Jah Lion aghani juu yake katika "Soldier and Police War", na Murvin mwenyewe akauimbia tena maneno mengine katika "Bad Weed". Nalisema hili kwa wale wanaodhani rimiksi ni kumkosea heshima mwenye wimbo. Kwa fundi kama Perry, kuufungua wimbo na kuuunda upya kulikuwa sehemu ya kuupenda.

Kiangazi kile wimbo ulivuka bahari, ukawa unapigwa kila kona ya London walikoishi Wakaribi. Polisi wa Uingereza walikuwa wakitumia sheria ya uzururaji ya mwaka 1824 kuwakamata vijana, hasa weusi, kwa kuwashuku tu. Mwishoni mwa Agosti 1976 kanivali ya Notting Hill iligeuka mapambano kati ya vijana na polisi. Mwimbaji Joe Strummer na mpiga bezi Paul Simonon wa The Clash walikuwepo. Nyuma ya albamu yao ya kwanza, iliyotoka Aprili 1977, kuna picha ya polisi wakiwakimbilia watu siku hiyo.

Kwa hiyo walipouimba wimbo wa Murvin, walikuwa wanaimba habari waliyoiona kwa macho yao kwenye mitaa yao. Simonon alikulia Brixton katikati ya ska na rege. Bezi alikuwa bado anajifunza, hadi akaandika majina ya noti kwenye shingo yake ili asipotee. Klabu ya Roxy, walikokutana wanapanki, DJ alikuwa Don Letts, mtoto wa Wajamaika, naye alipiga rege usiku kucha kwa sababu santuri za panki zilikuwa bado chache mno. Wanapanki walijifunza rege wakiwa wamesimama wakingoja bendi ipande.

Vaa spika za masikioni usikilize magitaa. Katika rege ya kawaida gitaa hulikwepa pigo kuu na kuchanja katikati ya mapigo. The Clash walikuwa na magitaa mawili, wakayagawa: moja linapiga kwenye pigo lenyewe, zito na kavu, na la pili linachanja nje ya pigo kama Mjamaika. Fuata moja kwa dakika nzima, kisha hamia la pili. Unasikia watu wa kabila mbili za muziki wakitembea bega kwa bega bila mmoja kumvalia mwenzake nguo zake. Strummer hajaribu ile sauti ya juu ya Murvin wala hajitii lafudhi ya Kingston. Anaimba kwa koo lake la London lililokwaruzwa. Bezi inajitanua, ngoma za Terry Chimes zinakaa ngumu mahali ambapo za Jamaika zingelegea, na wimbo unakwenda dakika sita kwenye albamu ambayo nyimbo zake nyingi haziendi zaidi ya mbili au tatu. Vijana walioapa kutopiga nyimbo ndefu waliuacha huu mmoja uvute pumzi.

Upungufu upo. Ule upole wa kutisha wa Murvin umepotea. Mahali yeye anaponong'ona, The Clash wanakwambia moja kwa moja. Anayependa ulaini wa Black Ark ataona toleo la London lina mifupa mingi na nyama kidogo. Na wakali wa panki waliwalaumu The Clash kwa kusaini na kampuni kubwa ya CBS. Lawama hiyo haikukosa msingi, ila haigusi walichokifanya kwenye wimbo huu.

Zikae pamoja sasa

Tukiziweka ubavu kwa ubavu, tofauti kubwa naiona katika mtu anayeshambuliwa. Sid anaushambulia wimbo wenyewe na wanaoupenda. The Clash wanauchukua wimbo kama shahidi mwenza, na hasira yao inakwenda kwa waliokuwa na rungu na bunduki. Zote mbili ni panki kamili, lakini ya kwanza inakwisha pale inapoanzia, na ya pili inaita watu.

Kuitikiwa kulifuata, tena haraka. Lee Perry, mwenye wimbo mwenyewe pamoja na Murvin, alikuwa London mwaka huohuo na akawa prodyuza wa santuri ya The Clash iitwayo "Complete Control". Bob Marley, aliyekuwa akiishi London baada ya kupigwa risasi nyumbani kwake Kingston Desemba 1976, alirekodi na Perry "Punky Reggae Party", wimbo unaowataja The Clash, The Damned na The Jam kama wageni kwenye sherehe moja na Wailers. Na Aprili 1978 The Clash walipanda jukwaani Victoria Park mbele ya umati mkubwa uliokuja kuupinga ubaguzi, siku moja na Steel Pulse na X-Ray Spex.

Mtu anaweza kusema kwamba Wazungu kurudia rege si jambo la kusifiwa hivyo. Nakubali kwamba kurudia peke yake hakutoshi. Eric Clapton alipata nambari moja Marekani mwaka 1974 kwa wimbo wa Marley, kisha Agosti 1976 akasimama jukwaani Birmingham akamsifu Enoch Powell, mwanasiasa aliyepinga wahamiaji, na kutaka wageni waondoke Uingereza. Baadaye alisema anaona aibu kwa maneno yale, na vuguvugu lililofanya tamasha la Victoria Park lilizaliwa kwa kumjibu. Kwa hiyo nikiupima wimbo uliorudiwa, nautazama pia mkono uliouimba: jina la mwenye wimbo limeandikwa wapi, na aliyeurudia alisimama upande gani polisi walipofika. Kwenye albamu ya The Clash mtunzi ni Murvin na Perry, na upande waliosimama unaonekana nyuma ya jalada.

Nani achukue upi

Kama wewe ni mtu wa rege, usisite, anza na "Police and Thieves". Utakuwa umeshika nusu ya wimbo kabla haujaanza, na nusu iliyobaki itakufundisha panki bila kukuumiza masikio. Vilevile kama unapiga gitaa au unatengeneza muziki, maana yale magitaa mawili ni somo kamili la namna ya kuchukua mdundo wa watu bila kujifanya wao. Mzazi anayetaka kusikiliza na watoto achukue huu pia. Ule wa Sid una matusi yasiyofaa kupigwa sebuleni.

Chukua Sid kama umechoshwa na nyimbo za fahari, kama unapenda sanaa inayogombana na msikilizaji, au kama unaandika kuhusu umaarufu na jinsi unavyowala vijana. Mchukue pia kama "My Way" ya Sinatra unaipenda kweli. Sid atakulazimisha ujue unaipenda kwa nini, na ukirudi kwa Sinatra baada yake utasikia mambo ambayo ulikuwa ukiyapita. Usimpe mtu huu kama wimbo wake wa kwanza wa panki, ataondoka akidhani panki ni kutukana wazee.

Mpangilio wa kusikiliza una maana yake. Anza na toleo la asili, mara mbili, kabla ya kugusa lililorudiwa. Kwa Murvin, ongeza na dabu ya Perry katikati, ili usikie jinsi Wajamaika wenyewe walivyoufungua wimbo kabla Waingereza hawajafika. Kisha The Clash. Kwa "My Way", sikiliza Claude François kwanza hata kama Kifaransa hukijui. Aliaga dunia Machi 1978, mwaka uleule wa toleo la Sid, na ukianza naye utaona kwamba Anka alikuwa ameshaubomoa wimbo huu muda mrefu kabla ya panki, ila kwa adabu.

Ukimaliza The Clash na bado una hamu, nenda kwa X-Ray Spex, albamu ya 1978, halafu Bad Brains. Na ukitaka kusikia moto huohuo karibu na nyumbani, Nairobi wapo Crystal Axis, bendi ya panki ya Kiafrika iliyoimba kuhusu Nyayo House na vyumba vyake vya mateso. Hao hawakurudia wimbo wa mtu. Walichukua gitaa wakasimulia jengo ambalo kila Mkenya analipita mjini akijua lililofanyika chini yake.